Rambirambi ya Mbali Ni Deni

Mwishoni mwa mwezi Desemba nilikwenda Nanyala kutoa pole iliyokuwa imechelewa kwa takriban miezi miwili. Nanyala ni kata ya wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Wasafiri wengi huikumbuka kwa malori yanayopanda na kushuka kwa taabu pale Senjele, yakielekea Zambia na Kongo. Mimi naikumbuka kwa nyumba moja.

Zaidi ya miaka 10 iliyopita, nilipokuwa nikikusanya data za shahada yangu ya uzamivu, mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi alinipa chumba katika nyumba hiyo. Mkewe alinilisha kwa miezi minne na akakataa kupokea chochote zaidi ya bei ya unga. Si ndugu zangu. Hatuunganishwi na ukoo, kabila wala dhehebu. Ni watu niliofahamiana nao, kisha nikaendelea na maisha yangu Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka kwao, nikiwapigia simu wakati wa sikukuu na kusahau katikati ya sikukuu.

Mama yule alifariki dunia tarehe 30 Oktoba 2025, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, kwa maradhi aliyokuwa ameugua kwa muda mrefu. Kifo chake hakikuwa na uhusiano wowote na siasa. Safari ya habari za kifo chake ndiyo iliyokuwa na uhusiano huo. Intaneti ilikuwa imezimwa nchini tangu siku ya kupiga kura. Mjukuu aliandika taarifa ya msiba katika kundi letu la WhatsApp, nayo ikakwama ndani ya simu yake. Mawasiliano yaliporejea siku kadhaa baadaye, taarifa ya kifo, ratiba ya mazishi na picha za kaburi lililokwisha kufukiwa viliingia katika simu yangu kwa dakika moja.

Nikaandika: “Poleni sana. Mungu ampumzishe kwa amani. Tuko pamoja.” Nikatuma fedha kwa simu. Kisha nikarudi kuandaa mhadhara wa siku iliyofuata. Yote hayo hayakuchukua dakika tano.

Nilipofika kwake mwezi Desemba, Mwalimu aliitikia shikamoo yangu, akanikaribisha kiti, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Fedha yako ilifika, mwanangu. Tuliipokea, tukaiandika. Ila sauti yako hatukuisikia.” Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayerudisha daftari la mwanafunzi lenye kosa moja, tena kosa ambalo mwanafunzi mwenyewe alipaswa kuliona.

Tangu siku hiyo nimejiuliza swali ambalo naamini wasomaji wengi wa safu hii wanalo: je, pole ya mbali ni pole? Wapo wazee wanaojibu kwa haraka kwamba simu imeua utu, na kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Sikubaliani nao moja kwa moja. Lakini sikubaliani pia na sisi vijana wa jana tunaoamini kwamba tukishaandika “tuko pamoja” basi tumekuwa pamoja.

Umbali katika msiba si jambo lililoletwa na intaneti. Walio na umri kama wangu na zaidi wanayakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyumba nzima ilinyamaza. Msomaji alitaja jina la marehemu, mahali alipofia, mahali na siku ya mazishi. Kisha akataja ndugu mmoja mmoja pamoja na mahali alipo, huyu wa Tanga, yule wa Tabora, habari ziwafikie popote walipo. Asiyekuwa na redio aliletewa habari na jirani aliyesikia jina lake likitajwa. Wengine waliitwa kwa simu ya maandishi iliyofika posta ikiwa na maneno machache, kwa kuwa kila neno lililipiwa.

Tangazo lile lilikuwa na sifa mbili ambazo tumezipoteza bila kuzifanyia tanga. Kwanza, lilimwita mtu kwa jina lake. Pili, lilidai jibu la mwili: ufunge safari. Leo habari ya msiba haiendi kwa mtu, huenda kwenye kundi. Anayeituma huamini kwamba wote wameiona. Anayeiona huamini kwamba wengine wameitikia. Ndiyo maana katika siku zile za giza la mawasiliano hakuna aliyenipigia simu ya kawaida, ingawa namba yangu walikuwa nayo. Nami, intaneti iliporudi, sikumpigia Mwalimu, ingawa namba yake ninayo. Tulikuwa tumezoea kulikabidhi kundi kazi ya ubinadamu wetu.

Mwaka 1921 mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss, akichunguza vilio vya msibani vya wenyeji wa Australia, alieleza kwamba machozi ya matanga si hisia za mtu binafsi tu. Ni wajibu, ni lugha ambayo jamii humtaka kila mmoja aizungumze ili waliobaki wajue kwamba hawajabaki peke yao. Karibu zaidi na Nanyala, mwaka 1939 Godfrey Wilson alichapisha uchunguzi wake kuhusu desturi za mazishi za majirani zetu Wanyakyusa, akaonyesha jinsi mazishi yalivyokuwa mkutano wa lazima wa ndugu na majirani, kila kundi likiwa na sehemu yake, wanawake katika kulia na wanaume katika ngoma. Wazee wetu hawakuhitaji vitabu hivyo kulijua jambo hili. Wanajua kwamba msiba ni kazi. Kuna kuni za kupasua, maji ya kuteka, kaburi la kuchimba, mahindi ya kusaga, wageni wa kulaza, na mfiwa wa kukaliwa karibu usiku asije akalala peke yake na mawazo yake.

Kwa kipimo hicho, aliye mbali ana kasoro moja isiyofichika: hawezi kufanya kazi. Hawezi kushika jembe wala sufuria. Fedha ilibuniwa kuziba pengo hilo, na tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, pengo hilo limezibwa kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Tusidharau jambo hili. Zamani mtoto wa Mbozi aliyekuwa kibarua katika mashamba ya mkonge Tanga aliweza kupata habari ya kifo cha baba yake mwezi mmoja baadaye, na mchango wake ulipofika ulikuta tanga limekwisha kuanuliwa. Leo mchango hufika kabla sanda haijanunuliwa.

Tukumbuke pia wale ambao hawawezi kuja hata wakitaka. Wapo dada zetu wanaofanya kazi za ndani Oman na kwingineko katika Ghuba, ambao baadhi yao pasi zao za kusafiria hushikwa na waajiri. Wapo wenzetu walioko Ulaya na Marekani ambao hati zao za ukaazi bado zinashughulikiwa, na wakitoka hawana hakika ya kurudi. Binti wa namna hiyo akipata habari kwamba mama yake amefariki, simu ndiyo njia yake, kilio chake na udongo wake wa kaburini. Kumwambia kwamba pole yake si pole kwa kuwa hakuja ni ukatili unaojificha nyuma ya mila.

Basi jibu langu ni hili. Pole ya mbali ni pole, lakini ni pole ya mkopo. Anayesema “tuko pamoja” akiwa mbali ameandika hati ya deni. Amekiri kwamba kuna jambo alilopaswa kulitenda, hakuweza kulitenda kwa wakati wake, na atalitenda. Thamani ya hati hiyo haimo katika uzuri wa maneno yake, imo katika kulipwa kwake. Yule binti wa Oman hulipa: hupiga simu kila wiki, husomesha wadogo zake, na akirudi huenda kaburini kabla hajafungua sanduku. Mimi wa Dar es Salaam, mwenye nauli na likizo, nilikuwa nimeandika hati na kuitupa.

Deni hili hulipwaje? Sina mamlaka ya kumfundisha mtu kulia, lakini nimeonyeshwa makosa yangu, na huenda yakamfaa mwingine.

Kosa la kwanza ni pole isiyo na jina. “Poleni sana, Mungu awatie nguvu” inaweza kutumwa kwa msiba wowote, na mfiwa anajua hivyo. Mtaje marehemu. Taja jambo moja unalolikumbuka kwake. Ningemwandikia Mwalimu kwamba sijasahau jinsi mama alivyokuwa akiniwekea maharage pembeni ya moto usiku ninaporudi kutoka Mlowo, ningekuwa nimempa kitu ambacho hakuna mwingine angeweza kumpa: kipande cha mkewe ambacho yeye hakukijua, au alikijua akadhani amebaki nacho peke yake.

Kosa la pili ni kuandika pale inapowezekana kusema. Maandishi humlinda anayeyatuma. Hatasikia ukimya wa mfiwa, hatababaika, hatakosa maneno. Lakini kukosa maneno mbele ya mfiwa ni sehemu ya pole yenyewe. Mpigie. Ukishindwa kusema, nyamaza naye kwa dakika moja. Hata kimya kina sauti.

Kosa la tatu ni kukimbilia kusema “kazi ya Mungu haina makosa”. Mfiwa mwenyewe anaweza kuyasema maneno hayo, na akiyasema ni imani na ushujaa. Sisi tulio mbali tukiyatanguliza, mara nyingi tunamfunga mdomo. Tunamwambia asiulize. Nitarudi hapa, kwa kuwa hapa ndipo jambo hili linapotoka nyumbani na kuingia serikalini.

Kosa la nne ni pole inayokwisha siku ya mazishi. Wiki ya kwanza nyumba ya msiba hujaa watu hadi nje. Upweke huanza pale maturubai yanaposhushwa na masufuria ya kuazima kurudishwa. Aliye mbali hakuweza kuwahi mazishi, lakini hakuna kinachomzuia kuwahi siku ya arobaini, au mwezi wa tatu, au msimu wa kwanza wa kupanda ambao mjane ataingia shambani bila mwenzake. Katika hili aliye mbali anaweza hata kumzidi aliye karibu.

Haya ni ya nyumbani. Sasa nirudi nilipoahidi.

Nchi nayo ina misiba, na viongozi nao, kwa asili ya nafasi zao, ni watu wa mbali. Rais hawezi kuchimba kaburi la kila raia. Kwa hiyo tumezoea taarifa inayosema kiongozi fulani ametuma salamu za rambirambi kwa mkuu wa mkoa kufuatia ajali fulani, amewaombea marehemu na kuwatakia majeruhi nafuu ya haraka. Sibezi salamu hizo. Kiongozi asiyetoa pole ni mbaya zaidi. Ila nasema salamu hizo nazo ni hati ya deni, na deni lake si la fedha pekee. Mfiwa wa ajali anayo maswali: breki zilikaguliwa lini, dereva alikuwa ameendesha kwa saa ngapi, mteremko huu umeua mara ngapi na nani alipaswa kuutengeneza. Hapo ndipo “kazi ya Mungu haina makosa” inapogeuka kuwa kinga ya wazembe. Kazi ya Mungu haina makosa; kazi ya fundi wa breki, ya mkaguzi na ya mhandisi inayo, nayo hukaguliwa na wanadamu.

Tuna kumbukumbu za kutufundisha. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Kagera, na Watanzania wa ndani na nje wakachanga. Baadaye serikali ilieleza kwamba haitawajengea watu mmoja mmoja nyumba, na sehemu ya nguvu ikaelekezwa katika taasisi za umma kama shule. Huenda ulikuwapo uhalali wa kiutawala katika uamuzi huo. Lakini mjadala mkali uliozuka ulitokana na jambo ambalo mila zetu zinalijua vyema: rambirambi ni mali ya mfiwa. Anayeipokea kwa niaba yake anaweza kumshauri, hawezi kumpangia bila kumuuliza.

Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu, na zaidi ya wanafunzi 30 wakapoteza maisha pamoja na walimu wao na dereva. Watoto watatu walinusurika. Wamarekani wa shirika la hisani waliokuwa wakipita eneo hilo walisimama kusaidia, na hatimaye watoto hao wakapelekwa kutibiwa Sioux City, jimboni Iowa, wakarudi nyumbani wakiwa hai. Hiyo ni pole ya wageni, watu wa mbali kuliko wote, ambayo ililipwa yote. Na mwezi uleule, katika shule ileile, meya wa Jiji la Arusha, viongozi wa dini na waandishi wa habari walikamatwa na polisi walipokuwa wamekwenda kutoa rambirambi, kwa madai ya mkusanyiko usio halali. Wageni waliruhusiwa kuwabeba watoto wetu. Sisi wenyewe tukahojiwa kwa nini tumekusanyika kuwalilia.

Kisha ikaja Oktoba 2025. Idadi ya waliouawa siku zile na baada yake bado inabishaniwa, nami sitaweka namba yangu katika ubishi huo. Ninachosema ni kwamba wapo waliokufa, na wapo wazazi waliosema hadharani kwamba hawakuipata hata miili ya watoto wao. Intaneti ilipozimwa, watu wengi waliona kwamba kilichozimwa ni siasa, biashara na porojo. Kilichozimwa pia ni pole. Kwa siku kadhaa taifa lilizuiwa kujua nani amefiwa. Wengine walizika bila ndugu, na wengine walisikia kwamba wamefiwa wakati tanga lilikuwa limekwisha.

Tarehe 14 Novemba 2025, akifungua Bunge jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitoa pole kwa familia zilizopoteza wapendwa wao na kutangaza kuundwa kwa tume ya kuchunguza yaliyotokea. Wapo waliosema pole hiyo ilichelewa, na wapo waliosema haikutosha. Mimi, niliyechelewa kwa miezi miwili kwenda Nanyala, sina uso wa kumhukumu mtu kwa kuchelewa. Nasema tu kwamba hati imeandikwa, na sasa inangoja kulipwa. Malipo yake yanajulikana. Waliokufa watajwe kwa majina, kama redio ilivyokuwa ikiwataja. Wafiwa wasikilizwe bila hofu, hata kama watakayoyasema yatauma. Mwenye mwili wa mtoto wa mtu aurudishe. Aliyetenda kosa ajulikane. Pasipo hayo, “tunawapa pole” itakuwa kama ile “tuko pamoja” yangu, maneno ya dakika tano kabla ya kurudi kazini.

Kabla sijaondoka Nanyala, Mwalimu aliniletea daftari la msiba. Ni daftari la kawaida la shule, mistari kwa mistari, kwa mwandiko wa mjukuu. Wa karibu wameandikwa kwa walichokileta na walichokifanya: debe la mahindi, mzigo wa kuni, kupika siku mbili, kuchimba. Wa mbali tumeandikwa jina na kiasi cha fedha. Mbele ya jina langu, baada ya kiasi, kulikuwa na neno moja: “simu”.

Nilimuuliza kwa nini limeandikwa. Akanieleza kwamba daftari lile huhifadhiwa kwa sababu msiba huzunguka; siku mwingine akifiwa, familia hufungua kuona alikuja vipi, ili nao waende vivyo hivyo. Aliyeleta kuni apelekewe kuni. Aliyepika akapikiwe.

“Na aliyeandikwa simu?” nikauliza.

Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu nifike. “Huyo tutamtumia ujumbe,” akasema. Kisha akachukua kalamu, akauliza leo ni tarehe ngapi, na chini ya neno lile akaandika: “amefika”.